Jina Lililoanza Kutembea

Virginia mwenye ploti ndiye aliyeliona gunia kwanza. Alikuwa langoni akibishana na muuza maji wakati Ouma alipofika na mwanawe Melvin, wamelibeba gunia katikati yao taratibu, kama watu waliombeba mgonjwa. Akawauliza kuna nini humo. Ouma hakujibu. Melvin naye hakujibu. Walimtazama kwa macho ya watu wanaoomba radhi, kisha wakataka kupita.

Sasa Virginia si mtu wa kupitwa hivyo na mpangaji. Alilishika gunia kwenye kona, akachungulia, akaona ncha ya tunda refu la kijivu, nene kama paja la mtoto. Yeye ni mzaliwa wa Murang'a, na tunda hilo analijua tangu utotoni. Babu yake alilikausha na kulitia kwenye kibuyu cha maji na asali, likakaa humo mpaka pombe ikaiva.

"Muratina," alisema, kwa sauti ya kusikika ploti nzima. "Mzee Ouma, na wewe ni mzee wa kanisa. Unataka niletewe polisi hapa?"

Milango ikafunguka. Jirani akiugua Kitengela, huenda asibishiwe hodi wiki nzima, lakini akinaswa na pombe watu hujitokeza hata wale ambao hukuwahi kujua wanaishi hapo. Ouma alisimama palepale akitokwa jasho, midomo ameibana, koti lake la Jumapili limejaa vumbi la barabara ya Magadi. Mkewe Wilkister alimwona kutoka jikoni, na aibu ile ikampanda yeye kama homa. Alitoka na mikono ya unga.

"Mama Wahome, hiyo si ya pombe," alimwambia Virginia. "Hawa hawawezi kuongea mpaka iingie kwa nyumba. Ni ya Obura. Kijana wangu mkubwa, yule alibebwa na maji."

Virginia aliliachilia gunia. Akapangusa kiganja kwenye sketi, akapangusa tena. Alisema pole, akaongeza kwamba si wangemwambia tu; halafu akakumbuka kwamba kusema ndiko hasa walikokatazwa, akaingia kwake na kufunga mlango.

Wakalilaza tunda kwenye kochi la sebuleni. Wilkister akalifunika blanketi mpaka nusu, jinsi mtu anavyofunikwa mchana, na hapo ndipo Ouma alipofungua kinywa na kuomba maji ya kunywa.

Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usionekane, haizikwi hewa. Huzikwa tunda hilohilo, kwao yago, mahali pake, kwa kilio na kwa sala, ili naye apate pa kulala. Mti wake hauoti Alego, nyumbani kwa akina Ouma, peke yake. Uko pia kwenye makorongo ya Oltepesi, na huko ndiko lori lilikosombwa na maji mwaka wa El Nino, likiwa limebeba unga wa msaada na Obura akiwa karani wake. Dereva alipatikana. Turnboy, utingo wake, alipatikana. Obura hakupatikana, na wazee wakasema tunda litoke palepale alipopotelea.

Miaka minane Wilkister alikataa. Sababu yake haikuwa ngumu kueleweka: aliyezikwa kwa yago haingii tena kwa lango la nyumbani. Akija siku moja, hai, na begi lake begani, hakuna wa kumfungulia. Watu watamkimbia, na mama yake atakuwa wa kwanza kukatazwa kumgusa. Wilkister aliona heri kukaa na mtoto aliyepotea kuliko kumfungia mlango mtoto aliye njiani. Lakini Melvin amekua. Hawezi kusimamisha nyumba yake Alego kabla ya kaka mkubwa ambaye hajajenga wala hajazikwa, na Dolphine, msichana anayekaa naye, tumbo limeshaonekana. Wazazi wa Dolphine wameanza kuuliza maswali kwa adabu, na hayo ndiyo maswali mabaya zaidi. Kwa ajili ya tumbo hilo Wilkister alikubali. Mazishi yalipangwa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi alisema anatoka kidogo kwenda kwa Mugure. Hakuna aliyemuuliza ni kwa nini. Walijua anakwenda kumuaga Obura.

*

Saiba ya Mugure, chumba chake cha kukodisha kompyuta na intaneti, iko juu ya duka la dawa, karibu na stendi. Mugure alikuwa mpiga taipu zamani, akauza taipureta zake kompyuta zilipoingia, na tangu afungue saiba hiyo Wilkister amekuwa mteja wake wa kila mwezi. Hatumi barua pepe. Hajui hata kushika kipanya vizuri. Anakuja kuangalia ukurasa mmoja tu wa intaneti, ule ambao Obura aliutengeneza alipokuwa akisomea kompyuta Nairobi, miezi michache kabla ya lori.

Ni ukurasa wa kijana wa wakati huo, hauna la ajabu. Nyuma ni nyeusi, maandishi ni ya manjano. Juu kuna jina lake kwa herufi kubwa, OBURA WA OUMA, chini yake picha ameegemea lango la chuo, halafu maneno machache: timu anayoishabikia, nyimbo anazozipenda, na salamu kwa mama yake Wilkister, mpishi hodari wa kuku Kitengela nzima. Mwishoni kabisa kuna mstari unaosema ukurasa uliguswa mwisho lini, na mstari huo siku zote umesema tarehe mosi Januari 1970. Wilkister alikuwa akiucheka. Mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa darasa la kwanza, anatumwa kuni.

Ouma aliuona ukurasa huo mara moja, akatoka nje kupunga hewa, hakurudi. Melvin alisema unamtia baridi. Kwa hiyo ulibaki wa Wilkister na mashine ya pembeni, ile kuukuu ya saiba, ambayo Mugure hakuiondoa kwa ajili yake. Vijana walikaa kwenye zile nyingine wakichati na dunia. Mama Obura alikaa pembeni na mwanawe, mikono mapajani, kama mtu aliyekwenda kumtembelea mtoto shule ya bweni.

Alhamisi hiyo pembeni palikuwa patupu. Umeme ulikuwa umeruka, ukaiunguza mashine kabisa, na Mugure aliomba msamaha mara tatu kana kwamba yeye ndiye aliyeiua. Akamkalisha mbele ya mashine mpya iliyokuwa katikati ya chumba, akafungua ile programu mpya ya intaneti yenye alama ya mbweha aliyejikunja kuzunguka dunia, akaandika anwani, akaenda kumhudumia mtu wa fotokopi.

Ukurasa ukafunguka. Nyeusi, manjano. Na jina la Obura likaondoka mahali pake.

Lilitoka upande wa kulia, likaenda polepole kuelekea kushoto, likaingia ukingoni na kupotea. Wilkister alishika meza. Jina likatokea tena kulia, likaanza safari upya. Miaka yote lilikuwa limesimama juu ya picha kama ubao wa kaburi, na leo linatembea. Aliteremsha macho ili asiendelee kulitazama, na chini ya picha, mahali ambapo siku zote palikuwa na weusi mtupu, akakuta maneno mekundu ambayo hajawahi kuyaona.

BADO NAENDELEA. SIJAMALIZA. NITARUDI HIVI KARIBUNI. NISUBIRINI.

Alisoma tena na tena, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, kwa kuwa sasa alijua jambo lingine litakuwa limebadilika. Mstari wa mwisho haukusema tena 1970. Ulisema ukurasa umeguswa leo, asubuhi hii, na saa iliyoandikwa hapo ndiyo iliyokuwa kwenye saa ya ukutani nyuma ya Mugure.

Hakupiga kelele. Alimwita Mugure kwa mkono. Mugure alisoma, akainama, akasoma tena, na Wilkister akaona vinyweleo vya mkono wake vimesimama.

"Ni wewe umegusa?" aliuliza Wilkister.

"Mama Obura, mimi siwezi. Hii inataka password yake. Hakuna mtu anaweza kugusa hii page isipokuwa yeye."

*

"Hakuna mtu anazikwa," Wilkister alisema kabla hajavua viatu.

Ouma alikuwa ameketi kando ya kochi. Tunda halikuachwa peke yake. Usingemwacha maiti peke yake, na hili lilishapewa jina. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa wa huruma, na huruma hiyo ikamuudhi Wilkister kuliko ambavyo matusi yangemuudhi. Alimwambia asimtazame hivyo. Hana wazimu. Amtume Melvin akaone.

Melvin alikwenda kwa hasira na kurudi bila hasira. Alikaa kwenye kiti cha mbali na kochi.

"Ni ukweli, Baba," alisema. "Nimefunga, nikafungua tena. Inasema leo. Tena si asubuhi, inasema saa hiyohiyo nilikuwa nimekaa hapo. Nikangoja, nikafungua tena, ikasema saa hiyo ingine. Ni kama ananiona."

Ouma aliuma mdomo. Huyu ni mtu wa hesabu, mtunza stoo wa kiwanda huko Athi River, mtu ambaye hukagua risiti ya sukari. Alipoongea, aliongea akitazama sakafu, na aliyoyasema hakuwa amemwambia mtu.

Alisema kwamba mzee mmoja wa Oltepesi, Parmuat, ndiye aliyewaonyesha mti, akawaambia Wamaasai nao wanautumia, akampa Melvin fimbo ndefu ya kuangushia. Wazee wa Alego walikuwa wameagiza amwite kijana kwa jina kwanza. Ouma aliona haya kumwita marehemu mbele ya mgeni, akaita kwa sauti ya chini. Upepo haukuwapo. Melvin alikuwa bado hajainua fimbo.

"Likaanguka," Ouma alisema. "Hatukuligusa, Mama Obura. Lilianguka mbele ya miguu yangu. Uliza huyu."

Melvin alitikisa kichwa kukubali.

Baba ana ishara yake na mama ana yake, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Dolphine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono juu ya tumbo, na ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka.

"Kama Obura ako hai, sasa huyo amelala hapo ni nani?"

Tangu hapo hakuna aliyeligeuzia kochi mgongo. Waliokuwa wakipita kwenda jikoni walipita ubavuubavu, na Wilkister alipoleta chai aligundua amemimina kikombe kimoja zaidi. Akakirudisha haraka kabla Melvin hajakiona. Blanketi lilikuwa limeloa upande mmoja, labda kwa utomvu wa tunda, labda kwa joto la mabati. Akalikunja palipoloa bila kupagusa.

Jioni simu ya Ouma ililia. Alikuwa kaka yake wa Alego. Wilkister alisikia upande mmoja tu wa maneno, ukamtosha: ndiyo kaka, naelewa kaka, hapana kaka, hajakuwa mgonjwa. Aliona mgongo wa mumewe ukijikunja kidogo kila aliposema kaka. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kwaya imealikwa, turubai limeshafungwa, na nusu ya kanisa la Kitengela imechanga. Hayo yote Ouma angeyabeba, ingawa angekuwa kichekesho mpaka astaafu. Jambo la mwisho ndilo lililomfanya akae chini. Kaburi halilali wazi. Likilala wazi baada ya siku iliyopangwa, wazee walisema, litajitafutia mtu wa nyumba hiyo.

Alilirudia neno hilo kwa mkewe, naye Wilkister bila kutaka akamtazama Dolphine. Dolphine akautoa mkono tumboni na kuuficha nyuma.

Hapo ndipo Wilkister alipojua amebanwa. Akikubali, anamfungia lango mtoto anayesema nisubirini. Akikataa, huenda analifungulia mdomo shimo lingine, na aliyeko karibu nalo hajazaliwa bado. Alimwomba mumewe mpaka mchana wa Ijumaa. Kama Obura anaandika, alisema, basi atamkuta akiandika.

*

Mugure alifungua saiba mapema kwa ajili yake. Wilkister alikuwa amevaa gauni la kanisani na amechana nywele, na Mugure alipoliona hilo alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Ukurasa ulikuwa vilevile. Jina linatembea, maneno mekundu yamekaa, saa ya chini ni ya sasa hivi. Wilkister alimwomba Mugure aandike kitu, amjibu kijana, aseme mama yuko hapa. Mugure akamweleza kwamba ukurasa huo hauna mahali pa kujibia. Ni kama tangazo ukutani, wa kulisoma yupo, wa kujibishana naye hayupo. Basi, Wilkister alisema, nifungulie na kwa hii nyingine iliyo jirani yake. Alikuwa na hofu kwamba Obura atapita kwenye moja wakati yeye anaangalia nyingine.

Mashine hiyo ya pili ilikuwa na kasoro inayojulikana na wateja wote. Betri ndogo inayotunza saa yake ilikufa zamani, na kila ikiwashwa huanza kuhesabu upya tangu Januari ya 2002. Watu waliipenda hivyo hivyo maana haikuwa na haraka ya kujizima. Mugure akafungua humo pia programu ya mbweha, akaandika anwani, na Wilkister akakaa katikati ya mashine mbili, kama anayechunga sufuria mbili zisichemke zikamwagika.

Alianza na jina. Linatembea kote. Maneno mekundu yako kote. Akashuka chini kwenye huu, ukasema Ijumaa, leo. Akashuka chini kwenye ule, na ule ukasema Januari, 2002.

Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mugure," aliita. "Huyu hapa ameandika leo. Na huyu ameandika mwaka ule, kabla wewe ununue hizi mashine. Obura ni wangapi?"

Mugure alikuja, akaangalia, na Wilkister akauona uso wake ukipoteza woga wa jana na kupata huzuni. Alibonyeza mahali, dirisha jingine likafunguka lenye maandishi matupu, mabano na maneno ya Kiingereza, yale ambayo Obura aliyachapa kwa mkono wake ili ukurasa uwe ukurasa. Aliyasoma polepole, kidole kikifuata. Muuza magazeti alipanda ngazi akataka kutumia simu, Mugure akamwambia arudi baadaye.

"Hii ya chini haijui alishika lini," alisema mwishowe. "Aliiambia iulize kule page imewekwa. Ikikosa jibu, browser mpya, ile ya mbweha, inaangalia saa ya hii mashine yenyewe, inaandika hiyo. Ile yetu ya zamani ikikosa jibu ilikuwa inaandika 1970. Ndiyo Melvin ameona dakika yake. Ilikuwa saa ya mashine, Mama Obura. Hakuna mtu alikuwa hapo."

Wilkister aliuliza kuhusu jina. Kwa nini litembee leo?

Mugure alieleza, na hakuwa na furaha ya kueleza. Vijana wa siku zile walikuwa wakiokota amri kutoka kurasa za watu, wakabandika kwao, bila kujali ni programu gani inazielewa. Amri ya kutembeza jina iko pale tangu mwanzo. Programu ya zamani haikuijua, ikaliacha jina limesimama. Hii mpya inaijua. Obura alitaka jina lake litembee. Ni mashine ya pembeni iliyolizuia.

"Na haya mekundu?"

"Hayo ni kinyume. Aliyafunika na amri ya kuficha, na hiyo amri ilikuwa ya ile browser ya zamani peke yake. Hii ya sasa haijui hiyo amri ni ya nini. Ikikuta amri haijui, inairuka, inaonyesha maneno tu. Yamekuwa hapo miaka yote. Wewe ulikuwa umeyakalia mbele na hayaonekani."

Wilkister aliyatazama. Nitarudi hivi karibuni. Nisubirini. Alijaribu kuyasoma kwa sauti ya mwanawe wa zamani, yule wa kabla ya mvua, na sauti ikakataa kuja. Ile iliyokuja ilikuwa yake mwenyewe.

"Alikuwa anamwambia nani?"

"Mtu yeyote. Siku hizo kila mtu akianza kutengeneza page aliweka hivyo, ndio watu wajue bado haijaisha wasiende kabisa. Hata mimi yangu ya kwanza niliweka."

"Halafu mbona akaficha?"

Mugure alisita. Angeweza kusema hajui, na hiyo ndiyo saa ngumu zaidi aliyowahi kuwa nayo kwenye ile saiba. Mama mwenye gauni la kanisani alikuwa akimtazama kama anayemtazama daktari.

"Mtu anaficha akishamaliza," alisema. "Ilikuwa imeisha, Mama Obura. Hakuwa anarudi kuongeza kitu."

Barabarani chini kondakta alikuwa akiita watu wa Namanga. Alichokisikia Wilkister moyoni hakikuwa maumivu, bado. Kilikuwa kitu kama kutua mzigo uliokuwa umemtia ganzi kichwani, wakati shingo haijaanza kuuma. Aliuliza kama Mugure anaweza kulisimamisha jina. Mugure akasema hawezi. Aliyekuwa na password ni Obura, na bila yeye ukurasa utabaki hivyo, ukifunguliwa utamtembeza, ukifungwa hakuna ajuaye.

"Basi funga," Wilkister alisema.

Mugure akafunga mashine moja, kisha ya pili. Wilkister akainuka, akamshukuru, akashuka ngazi akijishikilia ukutani. Kwa nini tunda lilianguka kabla ya kuguswa na fimbo, hilo hakuna mashine iliyomweleza, naye hakuuliza. Alifika nyumbani, akamwambia mumewe apige simu Alego aseme wako njiani. Ouma alimtazama usoni akitafuta kama ameshindwa au ameshawishika, kisha akachukua simu. Wilkister alikwenda kwenye kochi, akaondoa blanketi lililoloa, akaleta maji ya vuguvugu kwenye beseni, akaanza kulipangusa tunda vumbi la Oltepesi, kutoka juu kwenda chini, nyuma na mbele. Dolphine akaja akashika beseni. Hapakuwa na aliyemwambia aje.

*

Jumamosi Alego kulikuwa na jua kali. Watu walikuja wengi, kama watu wanavyojaa kwenye jambo ambalo hawana hakika nalo. Waliimba, wakasali, mchungaji akachagua mistari kwa uangalifu ili asije akaulizwa na wakubwa wake. Wanaume wakalishusha tunda ndani ya jeneza fupi, na jeneza likatua chini kwa mlio mzito kuliko walivyotarajia. Mmoja wao akamtazama mwenzake.

Mzee wa ukoo akamwambia Wilkister amwite mwanawe, amwambie njia imeishia hapa. Ndivyo inavyofanywa. Akina mama wengi hushindwa hapo, na wanawake wawili walikuwa tayari wamesogea kumshika.

Wilkister hakushikwa. Aliinama juu ya shimo, na watu wa mstari wa mbele wakasema baadaye kwamba hakupaza sauti hata kidogo, aliongea naye kama aliye chumba cha pili.

"Obura, mimi ni mama yako. Ulisema tukusubiri, tumekusubiri. Sasa umemaliza, baba. Usirudi. Lala."

Akatupa udongo wa kwanza. Ulipogonga mbao, Wilkister akapiga magoti na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zile alilia kilio cha mama aliyefiwa, kirefu, kisichotega sikio langoni.